Maji Mazito

Machi 4
Mvua ya kwanza imenyesha leo na paa la maabara limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya meza ya mizani. Nimeisogeza meza mwenyewe. Lakini si paa lililonipandisha hasira. Ni yule mwalimu mpya wa fizikia aliyeletwa chuoni muhula huu, mwenye shingo ndefu na sauti ya chini kama mtu anayesali. Ameingia bila hodi, akauinamia mtungi wa kioo wa jaribio letu, mimi na Profesa, akaukagua kama anayechagua samaki, kisha akauliza, "Mmejaribu na maji ya kawaida?"

Hakuna hamjambo, hakuna hongereni. Maji ya kawaida!

"Ndugu yangu," nikamwambia, "ukitaka maji ya kawaida, bomba liko nje."

Ametabasamu akaenda zake. Nimempa jina: Mpelelezi.

Machi 5
Mvua. Joto la ziada bado lipo. Tunaingiza umeme kiasi fulani, joto linatoka zaidi ya tulichoingiza. Mpelelezi na apasuke.

Machi 9
Umeme umekatika tangu asubuhi, kama kila mvua inyeshapo. Dada, ambaye ninaishi naye, anashona sare za shule katika chumba cha mbele, na mashine yake ya umeme imekaa imenuna mbele yake. Mikono ikikosa kazi, mdomo wake hutafuta.

"Hebu nieleze hicho mnachokifanya huko na Profesa wako," kaniambia. "Nieleze kama unaongea na mtu, si kama unaongea na wanafunzi."

Nikamweleza. Kila kitu kimejengwa kwa chembe, na kila chembe ina kiini. Viini viwili vya hidrojeni vikiungana vikawa kimoja, hutoka joto ambalo kuni na mafuta hayaoni ndani. Jua linawaka hivyohivyo.

"Basi viunganisheni tulale na taa."

"Havitaki. Vyote vina chaji ya aina moja, kwa hiyo vinafukuzana."

"Kama wake wenza."

"Wake wenza wenye visu, Dada. Jua linavilazimisha kwa joto la mamilioni ya digrii na kwa uzito wake wote."

"Na nyinyi mnavilazimisha kwa nini, kwa kuvibembeleza?"

Nilicheka, maana ndivyo hasa. Tunayo metali iitwayo paladi, ambayo hunyonya hidrojeni kama sifongo inavyonyonya maji. Tunatumbukiza waya wake katika maji mazito, yaani maji ambayo hidrojeni yake ina uzito mara mbili ya ile tuliyoizoea. Tunapitisha umeme, maji yanagawanyika: oksijeni inatoka upande mmoja, hidrojeni inajishindilia ndani ya paladi. Profesa anaamini kwamba humo ndani, kwa kubanana, viini vinasahau ugomvi na kuungana polepole, katika mtungi unaoweza kuushika kwa mkono. Muungano baridi.

Dada akaigusa mashine yake, akasema, "Yaani siku moja nitashona na mvua inanyesha."

"Ndiyo."

"Basi huyo Mpelelezi wako akirudi, mlete hapa nimshone mdomo."

Machi 14
Leo nimedhalilishwa mbele ya walimu wenzangu, na nitaandika mpaka mkono uchoke.

Tulikuwa chumba cha walimu, mvua inapiga madirisha, kila mtu na kikombe chake. Mtu akamuuliza Mpelelezi ana maoni gani kuhusu kazi ya Profesa. Angeweza kusema sijui. Akasema, kwa sauti yake ile ya sala: "Viini vya hidrojeni nzito vikiungana hurusha nyutroni. Kwa joto wanalolidai, nyutroni zingekuwa nyingi kiasi kwamba mwalimu huyu asingekuwa hapa anakunywa chai. Tungekuwa tumeshamzika."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mwalimu wa hesabu alipaliwa na chai.

Nimekwenda kwa Profesa nikiwa nawaka. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono juu ya tumbo, akasema, "Binti yangu, mti wenye matunda ndio hupigwa mawe."

Huyu mzee ndiye aliyenifundisha kushika neli bila kutetemeka. Baba aliposema msichana hana kazi na kemia, Profesa alikuja nyumbani kwetu kwa miguu, akakaa sebuleni mpaka chakula kikapoa, akambembeleza baba kama anayeposa. Mwisho wa muhula huu anastaafu. Kama yupo mtu anayestahili kuondoka akiwa ameshika jua mkononi, ni yeye. Na huyu mwenye shingo anatufanya kichekesho cha watu!

Machi 15
Sikumsalimia. Alinisalimia. Sikuitika.

Machi 21
Mpelelezi amekuja na kipima nyutroni alichokiazima sijui wapi. Nilidhani Profesa atamfukuza, lakini akasema, kwa sauti ya mtu asiye na hofu, "Kiweke."

Tukakiweka ubavuni mwa mtungi. Kikahesabu. Tukakipeleka kwenye korido, karibu na choo. Kikahesabu vilevile. Choo chetu na jua letu, sawa kwa sawa.

"Muungano wetu ni wa aina nyingine," Profesa akasema. "Hautoi nyutroni."

Nikatikisa kichwa kukubali. Lakini njiani kurudi nyumbani, viatu vimejaa tope, nikajikuta nauliza: kitu kikikosa kila dalili tuliyoambiwa kinayo, tumekijuaje kuwa ndicho? Nikamchukia Mpelelezi upya, maana swali hilo ni lake na limehamia kwangu bila kodi.

Machi 22 
Mvua.

Machi 29
Profesa ametangaza: mwanzoni mwa Mei wakubwa wa chuo na wa wizara watakuja kuona. Nitasoma matokeo mimi. Alinishika bega aliposema, na nilifurahi, siwezi kusema uongo humu.

Anataka pia kupata heli, ambayo ndiyo majivu ya muungano. Ili kuikamata anafikiria kuuziba mtungi, gesi zisitoke nje. Nikamwambia gesi hizo ni hidrojeni na oksijeni kwa pamoja, Mwalimu, zikikosa pa kutokea ni hatari. Akasema ataweka njia ya kwenda kwenye chupa ya kukusanyia. Haya.

Aprili 3
Nimefunga mlango ili niandike.

Asubuhi Mpelelezi alikuja tena maabara. Akaniambia ule mpira wa kutolea gesi umeinama, hauonekani kupitisha kitu. Nikamwambia mpira ni wangu, mtungi ni wangu, na yeye anitokee. Neno langu lilikuwa hilohilo: "Nitokee." Akainua mikono kama aliyekamatwa na polisi, akatoka. Nikaunyoosha mpira, viputo vikatoka vizuri, nikaenda kufundisha darasa la maandalizi jengo la pili.

Nilikuwa nimegeukia ubao niliposikia mlio. Ulikuwa mkavu, mfupi, kama mlango wa chuma uliobamizwa. Wanafunzi wakaniangalia mimi, nami nikaangalia mvua. Kisha mtu akapiga kelele.

Hiki ndicho kilichotokea, nimekikusanya kwa watu watatu. Nilipoondoka, Profesa aliingia akatoa mpira wangu, akaufunga mtungi kwa kizibo cha kubana, akaunganisha chupa yake. Njia ya chupa ilikuwa imefungwa, au ilikuwa nyembamba mno, sijui. Umeme ukakatika, ukarudi na nguvu za kupita kiasi kama kawaida yake. Maji yakawa yameshuka chini ya waya. Mpelelezi alikuwa anapita koridoni, akaona kupitia dirishani kwamba hakuna kiputo hata kimoja kinachotoka. Nilikuwa nimemfukuza, lakini akaingia. Alikuwa ameunyoosha mkono kuizima swichi mtungi ulipopasuka.

Nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amefunika uso kwa mikono miwili, damu inapita katikati ya vidole na kuingia kwenye mikono ya shati. Vioo vilikuwa vimejaa kila mahali, hata ndani ya viatu vyake. Alikuwa anauliza kwa sauti ileile ya chini: "Swichi imezimwa? Kuna mtu amezima swichi?"

Nikaizima mimi.

Profesa alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa haangalii mtu. Alikuwa anaangalia meza, pale mtungi ulipokuwa.

Aprili 4
Kikao cha dharura. Mkuu wa chuo akauliza nini kimetokea. Profesa akasimama, akavuta koti lake, na kwa macho yanayong'aa akasema:

"Nasikitika kwa mwenzetu. Lakini mmeona nguvu yake? Mtungi mmoja mdogo! Nani sasa atasema hakuna kitu mle?"

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Hidrojeni na oksijeni zikikutana na cheche hulipuka! Mtoto wa sekondari anajaza neli, anasogeza kiberiti, inalia *pwaa*, darasa linacheka. Yeye mwenyewe alinifundisha hilo, mimi nikiwa na soksi za shule! Na leo anasimama mbele ya watu kuita mlio huo jua, na mwenzetu yuko hospitali anachokolewa vioo usoni.

Niliuma midomo mpaka nikaonja chumvi.

Aprili 6
Nimekwenda hospitali. Mpelelezi amefungwa bandeji kichwa kizima, limebaki jicho moja linachungulia. Pembeni amekaa mama yake, mama mnene mwenye kanga ya buluu, anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto.

"Wewe ndiye mwalimu wa kemia?" mama akaniuliza.

Nikajua yamenifika. Nikasema ndiyo, mama, shikamoo.

"Marahaba. Mwanangu anakusifu sana. Anasema pale chuoni wewe ndiye unayejua kupima."

Afadhali angenitukana. Nilisimama pale kama mwizi aliyekaribishwa chakula. Nikamwambia Mpelelezi pole, akasema asante, kisha akasema, "Maji yalikuwa yameshuka chini ya waya. Paladi ikikutana na mchanganyiko wa gesi zile huwa inauwasha yenyewe. Uliliona hilo?"

"Huna hasira?" nikamuuliza.

"Kichwa kinaniuma," akasema. "Hasira itangoja."

Basi nimeichukua mimi. Yangu na yake.

Aprili 8
Nimetengeneza mtungi mwingine, wazi, wenye kutoa gesi vizuri. Waya wa akiba wa paladi. Na maji ya kawaida.

Aprili 9
Mvua haina adabu. Ndoo tatu maabara.

Aprili 13
Maji ya kawaida yanatoa joto la ziada. Kiasi kilekile.

Aprili 17
Nimelielewa. Nimelielewa na ningependa kuvunja kitu.

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Umeme unaoingia hufanya kazi mbili: unapasha maji, na unagawanya maji kuwa gesi. Gesi zikitoka nje zinaondoka na nguvu iliyozitenganisha. Kwa hiyo katika hesabu tunaitoa nguvu hiyo, tunasema imeshaondoka, na joto lililobaki tunalilinganisha na umeme uliobaki. Ni sawa kabisa, kama gesi zote zimetoka. Lakini baadhi hazitoki. Zinakutana humohumo ndani, kwenye waya uliochomoza juu ya maji, zinarudi kuwa maji na kuachia joto lao. Sisi tulimhesabu mgeni aliyetoka kwa mlango wa mbele, kumbe amezunguka, ameingia kwa mlango wa jikoni na anaendelea kula. Kisha tukashangaa: mbona chakula kinakwisha, lazima nyumba ina jini!

Sikuishia kukisia. Nimeikusanya gesi inayotoka katika chupa iliyopinduliwa majini, nikaipima. Ni pungufu. Na upungufu wake, ukiugeuza kuwa joto, ndio joto letu la ziada. Hakibaki kitu, hata cha kuwashia kiberiti.

Hapakuwa na jua mle. Hapakuwa hata na kijinga cha moto.

Aprili 19
Nimemwambia. Faraghani, mlango umefungwa, kwa adabu zote. Naandika maneno kama yalivyosemwa, ili mtu asije akanigeuzia.

Nilimwekea namba mezani. Akavaa miwani, akasoma, akifuata mstari mmojammoja kwa kidole. Nikaanza kumhurumia. Ndipo uso wake ukachanua.

"Maji ya kawaida nayo yanatoa joto!" akasema. "Binti yangu, unaona ulichokipata? Hata hidrojeni nyepesi inaungana! Umegundua kikubwa kuliko changu!"

"Mwalimu, tazama ukurasa wa pili. Gesi zinarudiana. Hakuna joto lililozidi."

"Kipimo chako cha gesi kinavuja."

"Nimerudia. Hakivuji."

"Rudia tena."

"Nimerudia, Mwalimu."

Akavua miwani. "Nilipokaa sebuleni kwa baba yako, unakumbuka nilimwambia nini? Nilimwambia, mpe huyu mtoto nafasi, hatakuaibisha. Sasa na mimi naomba. Mei ipite. Nikishaondoka, chapisha unachotaka."

"Na watakaorudia mtungi wako wakiamini? Ukiwalipukia?"

"Wanasayansi huumia. Ndiyo kazi."

"Hukuumia wewe!"

Sijawahi kumpazia sauti. Nilisikia yangu ikirudi kutoka ukutani. Nikamuuliza kama amekwenda hospitali. Akaanza kupanga kalamu zake.

Hajakwenda. Majuma mawili, hajakwenda.

Aprili 20
Sikwenda kazini. Dada kaniuliza naumwa nini. Nikasema kichwa.

Aprili 26
Profesa ananipita kama nguzo. Ratiba ya wageni imebandikwa ubaoni, jina langu bado lipo: msoma matokeo. Anadhani sitathubutu. Labda ananijua.

Aprili 28
Hospitali tena. Jicho la kushoto, daktari anasema wasubiri. Mama yake ameanza kuwashauri wagonjwa wengine.

Mei 2
Wageni walijaa ukumbi mdogo, miavuli imerundikwa mlangoni inachuruzika. Profesa alivaa suti ya kahawia. Aliongea vizuri; siku zote huongea vizuri. Alizungumzia jua, giza la majumbani, watoto wanaosoma kwa koroboi. Nilimwona mama mmoja wa wizara akijifuta macho. Na mimi hasira yangu ilizidi hapo, kwa sababu giza ni la kweli. Dada yangu amekaa humo. Kumwahidi mtu aliye gizani taa ambayo huna ni wizi.

"Sasa binti yangu atawasomea vipimo," akasema.

Nikasimama.

Nikavisoma vyote, bila kuruka. Maji mazito, joto kiasi hiki. Kisha: maji ya kawaida, joto kiasi kilekile. Mwenyekiti wa kikao akainua kichwa. Nikawaonyesha gesi niliyoipima, na mahali ilipopotelea, kwa maneno yaleyale ya mgeni na mlango wa jikoni. Nikasema kilichompasua mwenzetu uso ni hidrojeni na oksijeni katika mtungi uliozibwa, basi, hakuna kingine. Nikasema sijui kama viini vitakuja kuungana kwa baridi siku moja. Ninachojua ni kwamba katika mtungi wetu havikuungana.

Hakuna aliyepiga makofi. Profesa alibaki amesimama kando yangu, mkono umeegemea meza. Akasema taratibu, mimi peke yangu nikasikia:

"Ungengoja nife."

Mei 3
Dada amesikia kabla sijafika nyumbani. Nilidhani atanitetea.

"Umemvua nguo mzee wa watu hadharani," kaniambia, macho kwenye mshono. "Aliyekutoa jikoni kwa mama."

"Nilimwambia faraghani, Dada. Akakataa."

"Ungemwambia mara ya pili."

"Na jicho la mtu je?"

Akakanyaga mashine. Umeme haukuwepo. Akaikanyaga tena hivyohivyo, kwa hasira, kisha akalaza kichwa juu ya kitambaa cha sare, akalia. Nikajua halii kwa ajili ya Profesa tu. Naye alikuwa ameshaanza kuiona ile taa.

Mei 6
Chumba cha walimu: nikiingia, wanakumbuka wana vipindi. Waliocheka Machi ndio wanaoniita msaliti Mei. Mwalimu wa hesabu, aliyepaliwa na chai, amesema "heshima imekwisha siku hizi." Nikamwambia heshima haijui kuzima swichi.

Mei 10
Jicho limekwenda. Wamelitoa. Mama yake alitoka koridoni kulia, akarudi anatabasamu. Mpelelezi akaniambia, "Sasa nitasoma themometa bila kufumba lingine." Sikucheka. Nimekasirika naye pia, kwa kunichekesha wakati nataka kulia.

Mei 11
Nimerudia jaribio lote tangu mwanzo, mitungi miwili, maji mazito na ya kawaida, waya umefunikwa kwa kioo juu ya maji gesi zisirudiane. Mvua imepungua.

Mei 17
Leo mchana nilikuwa peke yangu maabara. Mlango ukafunguliwa, akaingia Profesa. Hakusalimia. Suti ileile ya kahawia, ila ilikuwa imemkaa kama ya kuazima. Nilijiandaa. Nilikuwa na maneno ya majuma sita, yamepangwa kama risasi.

Alipita mbele yangu akaenda kwenye mitungi. Akainama. Akavaa miwani, akasoma themometa ya kwanza, akangoja, akaisoma tena. Kisha ya pili. Alizisoma kama alivyonifundisha, jicho usawa wa zebaki, pumzi imezuiwa. Akachukua kalamu yangu bila kuomba, akafanya hesabu kwenye kiganja chake. Nilimwona anafika mwisho wa hesabu. Nilimwona anaanza upya. Nilimwona anafika palepale.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna, Mwalimu."

Akaifunika kalamu. Nje mtu alikuwa anafagia maji yaliyotuama koridoni. Profesa aliendelea kutazama mitungi, na aliponena, sauti yake nilikuwa siijui.

"Jicho lake?"

"Halikupona. Wamelitoa."

Akatafuta kiti kwa mkono, bila kuangalia, akakaa. Uso wake ukakunjamana, mabega yakaanza kutikisika. Najua nilichotakiwa kufanya. Nimelelewa vizuri: mzee akilia, unapiga magoti, unamshika mkono, unasema yamepita.

Hayajapita. Nikabaki nimesimama.

"Yuko wodi namba nne," nikamwambia. "Kitanda cha dirishani. Mama yake hukaa naye mpaka jioni. Nenda ukamwambie mbele ya mama yake."

Akainuka, akajifuta uso kwa tai, akauliza kama kuna njia ya kufika huko bila kupita getini, ambako walimu wangemwona.

"Hakuna," nikasema. "Ni hiyo moja."

Nikasimama dirishani. Alipita getini.